Kipande cha Ndege Chini ya Godoro

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kijijini kwetu karibu na Luanda Kotieno, kulikuwa na kipande cha shamba kando ya ziwa ambacho hakuna mtu aliyekilima. Ndege ya jeshi iliangukia pale. Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliiona kwa macho yake akiwa msichana. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini vijana wao bado walikuja kujifunza kurusha ndege juu ya ziwa. Siku hiyo ndege moja ikakohoa, ikainama upande, ikaingia kwenye mtama. Vijana wawili walikufa. Wanajeshi walichukua miili na vyuma vikubwa. Vidogo vilizama udongoni, na mvua ikinyesha vilitokeza.

"Wale hawakumaliza kujifunza," Dani alituambia. "Bado wanatafuta pa kutua. Ukipitisha chuma yao langoni, umewakaribisha."

Niliogopa, lakini siku moja niliokota kipande chepesi kilichopinda kama sahani. Katika kalongolongo yetu, ule mchezo wa kuigiza baba na mama, mimi ndiye niliyekuwa mama, na sikuwa na sahani. Nilikificha chini ya godoro nililolalia na mdogo wangu Omondi, ambaye hakuwa ametimiza mwaka.

Siku ya tatu Omondi alishikwa na homa. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa akilia na kutetemeka, macho yamegeuka juu. Baba alikuwa kazini Kisumu. Mama alimfunika mtoto kwa leso, akaita boda ya baiskeli impeleke zahanati. Jirani yetu, Mama Atieno, aliyekuja kumwona mgonjwa, akasema bila ubaya wowote, "Juzi niliona watoto wakicheza pale kwa ndege."

Dani akaenda akasimama katikati ya lango.

"Nyar Seme," alimwambia mama, maana mama alizaliwa Seme, "huyu mtoto hatoki. Akitoka na hiyo kitu iko ndani, watamfuata barabarani."

"Mama, mtoto anaisha."

"Naona. Si ni mjukuu wangu?" Akanigeukia. "Akinyi, ulikuwa huko?"

"Hapana, Dani."

"Anayetoa mwenyewe ni mtoto tu, hakujua. Anayetajwa na mwingine, huyo alitaka mtu afe. Na watu hawatasahau."

Mama Atieno alitumwa kupekua jikoni, kisha ghalani. Alipoelekea chumba tulimolala, nilitazama chini. Mama akasema haraka, "Huko nimefagia asubuhi. Hakuna kitu."

Mwenye boda alipiga kengele. "Mama, twende ama nirudi stejini?"

"Ngoja kidogo."

"Mimi naweza kungoja. Huyo mtoto ndiye hangoji."

Nilitaka kusema. Kila nilipoufungua mdomo niliona uso wa Dani. Nilikuwa mtoto wa aibu hata shuleni; nikiitwa jina tu nilitoka jasho. Sasa nilitakiwa kusema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyeleta kifo nyumbani.

Kisha Omondi akaacha kulia. Hakulala. Aliacha tu.

"Iko chini ya godoro, Dani."

Nililazimika kurudia, sauti ilikuwa ndogo mno. Nilikimbia nikakileta. Dani alikipokea kwa pindo la leso yake. Hakukipitisha langoni. Aliuvunja ua kwa mikono, akakitoa nje kupitia pale, kama wanavyopitishwa watu waliofia mbali na kwao. Kisha akasogea kando.

"Pita! Pita haraka!"

Boda ikaondoka na mama na Omondi. Mimi na Dani tulikirudisha kipande kule shambani. Alikifukia, akauambia udongo, "Mtoto hakujua." Hakunipiga.

Omondi alirudi baada ya siku nne, shingo imekuwa nyembamba kama kijiti, lakini anacheka. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Dani alisema ni chuma. Nilikua nikiwaamini wote wawili.

Mwaka jana, nilipojifungua mtoto wa pili, mama alikuja kunisaidia. Tulikuwa tukikunja nepi aliposema, bila kuniangalia, "Ile chuma yako niliiona asubuhi hiyo, nikifagia."

Niliweka nepi chini. "Na ukamwambia Dani hakuna kitu?"

"Ningekutaja, ungekuwa mtoto aliyetaka ndugu yake afe. Kwetu pale ungezeeka na hilo jina."

"Na Omondi je?"

Alikunja nepi moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ndipo ukasema."

Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyenyamaza siku ile. Kumbe mama alikuwa amesimama kando yangu na watoto wawili, mmoja anamponyoka mikononi, mwingine yeye akimlinda kwa kunyamaza, huku akipima kila pumzi ya Omondi. Wakati mwingine nikiwaogesha wanangu hujiuliza mimi ningengoja hadi lini. Namshukuru Mungu kwamba bado sijalazimika kulijibu swali hilo.