Kiti cha Kumleta Mama Kutoka Beni

Wakati ule nilikuwa nalala katika karakana ya fundi wa viti vya pikipiki, hapa Kimemi, Butembo, na kazi yangu ilikuwa kukaa. Sisemi kwa utani. Fundi alikata sponji, akashona plastiki nene juu yake, akafunga kiti kwenye pikipiki yake, kisha akaniambia niende Beni na kurudi. Nikirudi ananihoji kama daktari. Kitako kimekufa mahali gani? Ganzi imeanza paja gani? Mgongo unauma juu ya mkanda au chini yake? Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimebeba mbao, nimechimba dhahabu ambayo sikuwahi kuiona, nimelinda mashamba ya watu huko Masereka. Popote nilipochoka kushangaa niliondoka. Kwa fundi sikuchoka haraka, kwa sababu kabla yake hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua mwili wangu unajisikia vipi.

Hakuuza kiti kipya kabla hakijala ile barabara. Motari wengi, yaani madereva wa pikipiki za abiria, walimcheka kwa hilo. Hata hivyo walikuja kwake, hasa wale wanaobeba akina mama wa biashara na mafurushi yao kutoka asubuhi hadi jioni.

Mama yake mzazi aliishi Beni, komini ya Ruwenzori, upande ambako mashamba ya kakao yanaanza. Siku moja ya mavuno risasi zililia karibu na shamba. Wote walikimbia. Yeye alianguka kwenye mtaro, nyonga ikavunjika, na wenzake wakarudi kumchukua jioni, walipothubutu. Alilala kitandani wiki nyingi. Muuguzi aliyemfuata nyumbani alisema mfupa umeanza kushikana, asisogezwe. Ukishtuliwa tena, alisema, huyu mama hatasimama maisha yake yote.

Angebaki palepale kama mtaa usingehama. Majirani waliokuwa wanampikia walifunga magodoro yao, nyumba moja leo, nyingine kesho. Mama akapiga simu. Fundi aliweka sauti juu, nami nikasikia.

"Mwana wangu, huku tumebakia batatu: mimi, Mungu, na mbuzi ya jirani. Na ile mbuzi inaanza kuniangalia mubaya."

Fundi alicheka, halafu akatoka kuuliza hali ya barabara.

Gari halikuwezekana. Malori mawili yalikuwa yamezama kwenye matope katikati ya barabara, moja limelalia jingine, na pikipiki tu ndizo zilipita kwenye kijia cha pembeni. Kwa hiyo akaamua kutengeneza kiti. Alikata chuma cha kitanda cha zamani, akakiunga nyuma ya pikipiki mahali pa portbagaji, kile chuma cha kufungia mizigo. Aliweka egemeo la mgongo na mikono miwili ya kushikia. Upande wa kushoto akatoa ubao mrefu wa kunyooshea mguu, umezungushiwa sponji, ili nyonga isijikunje njiani. Kamba zilikuwa vipande vya tyubu ya ndani ya tairi, maana mpira unavutika na kuachia, haukati nyama.

Sasa apimwe nani? Mtu mzima asingekubali kufungwa vile. Fundi akaenda kwa wauza viazi. Alisimama akawapa mgongo, akawaambia wampakie magunia ya uzito tofauti, moja baada ya jingine. Utotoni kwao, mama yake ndiye aliyembeba yeye. Baadaye, mto ulipojaa, yeye ndiye alimvusha mama mgongoni. Alikuwa anatafuta uzito ule. Wachuuzi walidhani amerukwa na akili. Gunia la nne alitembea nalo hatua kadhaa, akasimama. "Huyu ndiye," alisema.

Viazi vya Masereka havifichi kitu. Ukivigonga leo, kesho ukimenya unakuta doa la bluu. Tulilikalisha gunia kwenye kiti, tukalifunga, tukalivika kitenge tuone kama nguo itaingia kwenye mnyororo. Nilipotoka karakana, motari wa kona walipiga honi, wakaniita yaya, yaani kaka.

"Eh, yaya! Bibi-arusi wako ananona!"

"Lakini anakosa kichwa!"

"Ni muzuri vile. Hatakuuliza ulilala wapi."

Safari ya kwanza viazi vya chini viliharibika vyote. Fundi alimenya kimoja kimoja, akavipanga mezani jinsi vilivyokaa guniani, akaona kishindo kilipoingilia. Alibadilisha sponji, chini ngumu, juu laini. Alilegeza springi za nyuma. Safari ya pili madoa yalikuwa machache, upande wa kushoto tu. Safari ya tatu nilikwenda na kurudi, na asubuhi iliyofuata alimenya gunia zima, mimi na yeye tumekaa chini na visu, na hatukupata hata doa moja. Siku ile tulikula viazi, na majirani wote wa karakana walikula viazi.

Lazima niseme jambo moja kuhusu barieri, kwa maana hapo ndipo tulipokosea. Njiani kuna mahali askari wanafunga kamba barabarani. Kila anayefika anashuka, anashika kadi yake ya utambulisho mkononi, anapita kamba kwa miguu. Dereva anasukuma pikipiki imezimwa. Hakuna mtu wa kwetu anayefikiria tena kuhusu hilo, miguu inashuka yenyewe. Mara zote tatu mimi nilishuka na kusukuma, gunia likabaki limekaa na kitenge chake. Askari mmoja hata alilipiga begani kwa utani. "Muke yako anavimba," alisema, nikapita nikicheka.

Nilimfuata mama siku ya Jumanne, mimi na si fundi, kwa sababu alisema kile kiti kimenizoea mimi. Nilimkuta amevaa tangu alfajiri, kitambaa kichwani, rozari shingoni, ameegemea ukuta. Jirani mmoja tu alikuwa amebaki, mama mnene ambaye naye alikuwa anafunga vitu vyake. Tulimbeba wawili, jirani juu, mimi kiunoni, taratibu sana, na mama akakaa kwenye kile kiti. Alijisogeza kidogo. Alipapasa mikono ya chuma.

"Hii ni kitanda yangu ya zamani," alisema.

"Ndiyo, mama. Fundi aliikata."

"Nilimuzalia juu yake. Sawa. Funga."

Mzigo wake ulikuwa mfuko mmoja wa kakao iliyokauka nusu. Nilimwambia tutauacha. Alisema basi na yeye tumwache. Niliufunga mbele, juu ya tangi.

Tulitoka polepole. Mguu ulilala kwenye ubao wake bila kucheza. Kila baada ya shimo niliuliza, na kila mara alijibu kwamba yuko salama. Tulipofika pale ambapo msitu unakaribia barabara, alinigonga bega.

"Kijana, unaendesha sawa na mutu anabeba mayai."

"Ndiyo, mama."

"Mayai haiogopaka pori. Mimi naogopa. Ongeza kidogo."

Niliongeza kidogo. Mvua ikaanza. Tulipita malori yaliyozama, kwenye kijia cha pembeni, matope yakafika katikati ya magurudumu, na yeye akaomba rozari kwa Kinande nyuma ya shingo yangu. Tulitoka upande wa pili bila kuyumba. Nilifurahi. Nakumbuka niliwaza namna nitakavyomweleza fundi.

Barieri ilikuwa mbele. Nilizima injini, miguu yangu ikashuka yenyewe, nikaanza kusukuma.

"Bokita! Wote chini!"

Alikuwa askari nisiyemjua, amevaa koti la mvua linalomfikia magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyetumwa kutoka mbali na kujifunza hapahapa, Kilingala kikitangulia.

"Chef, huyu ni mugonjwa," nilisema. "Mufupa ya kiuno ilivunjika. Hawezi kushuka."

"Mutu anashuka. Muzigo inabakia. Ni ordre ya wakubwa."

"Nilipita hapa juzi na gunia, hamukuishusha."

"Gunia iko mutu?"

Mama akaniita kwa sauti ndogo.

"Mwambie mimi ni muzigo."

Askari alisikia. Alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa, na kwa dakika ile niliamini tumepita. Lakini aligeuka kuangalia hema lililokuwa kando. Mkubwa wake alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anatutazama. Askari akaacha kucheka.

"Mama, pardon," alisema. "Kuko mutu alipitisha bunduki hapa chini ya tumbo ya uongo. Mwenzangu alifungwa juu ya ile. Lazima nione chini yako. Lazima uvuke kamba bila pikipiki. Mimi pia niko na batoto."

Nilikwenda mpaka kwenye hema. Nilieleza kila kitu, mfupa, muuguzi, mtaa uliohama. Yule mkubwa alinisikiliza vizuri, hakunitukana. Mwishoni aliuliza, "Unamaliza?" Nikasema ndiyo. "Basi mushushe."

Mafundo ya mpira yalikuwa yamelowa na kujikaza, vidole vyangu vikateleza. Askari alitoa kisu akakata. Nilimshika mama makwapani, nikamwambia askari ashike kiuno. Hakuelewa, au aliogopa kumgusa mama wa watu kiunoni. Alishika mguu. Aliunyanyua kutoka kwenye ubao kabla mimi sijanyanyua mwili.

Nilisikia mfupa. Kisha nikamsikia mama. Akina mama waliokuwa wanavuka kamba na mizigo yao walisimama, mmoja akajifunika uso. Askari alisema pardon, pardon, mama, na bado ameshika mguu, hajui auweke wapi. Tulimlaza kwenye matope, kitambaa chake cha kichwa kikiwa chini. Askari alipeleka mkono chini ya kiti, akapasua sponji kwa kisu, akatafuta ndani. Alikuta sponji. Halafu mimi na yeye tulimvusha mama ile kamba mikononi. Zilikuwa hatua chache sana. Ng'ambo tulimkalisha tena, nikamfunga kwa vipande vya mpira vilivyobaki. Askari aliondoa koti lake akamfunika nalo, akarudi kwenye nafasi yake analowa.

Njia iliyobaki mama hakuomba wala hakunigonga bega. Niliuliza hali yake mara moja.

"Endesha," alisema.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa karakana. Kabla ya kumsalimia mama aliangalia mafundo. Hayakuwa ya mtindo wake. Kisha akaangalia mguu, ambao sasa kidole chake kikubwa kilielekea nje.

"Ulimwangusha wapi?"

"Sikumwangusha. Barieri. Walimushusha."

Niliona uso wake ulipoelewa. Alikuwa ameshuka pale mara ambazo hazihesabiki, maisha yake yote, na kadi yake mkononi. Alichutama mbele ya pikipiki na kushika tairi kama mtu anayepima upepo.

"Baba," mama alimwambia kwa namna anavyoitwa mtoto anayependwa, "nitoe kwanza. Utalia baadaye."

Hospitali walisema mfupa umeachana, na sasa vibaya zaidi. Kwa umri wake hawakutaka kumpasua. Baada ya wiki tatu alirudishwa nyumbani kwa fundi, akawekwa kwenye godoro karibu na mlango wa karakana ili aone watu. Alitandaza kakao yake kwenye turubai akaigeuza kwa fimbo. Alijifunza majina ya motari wote na kuwatukana mmoja mmoja. Kusimama hakusimama tena. Alikuwa anaoshwa na mke wa fundi, na wakati wa kuoshwa fundi alitoka kwenda kusimama barabarani.

Hakunilaumu hata siku moja. Ningefurahi angenilaumu. Alikata tena chuma. Safari hii alitengeneza kiti kinachochomoka chote na mtu ndani yake, pini nne, mikono miwili mbele, miwili nyuma, kama machela. Mgonjwa anashushwa bila kufunguliwa, anavushwa kamba, anarudishwa. Kiti hiki hakikupimwa kwa gunia la viazi. Alikaa yeye mwenyewe. Alijifunga mguu kwenye ubao, akamwita motari mmoja ashike mbele, mimi nyuma.

"Chomoa. Shusha. Vusha."

Tulichomoa, tukashusha, tukamvusha mfereji wa mbele ya karakana, tukamrudisha. Alikuwa mzito, na pini moja ilikwama. Alifumba macho akisikiliza nyonga yake.

"Tena."

Tulifanya tena. Motari wa kona hawakutania. Mara ya sita au ya saba mama alitazama kutoka godoroni, fimbo ya kakao mkononi.

"Na hii unamutengenezea nani sasa?"

Fundi alikaza mpira kwenye paja lake.

"Tena," alituambia, nasi tukamnyanyua.