Shokapu za Guta

Kaka yangu alikufa kwa kazi ya mikono yangu. Nalisema hili kwanza kwa sababu nilipaswa kulisema mapema zaidi, mbele ya watu wengine, nikanyamaza siku kumi na moja. Katika siku hizo shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aligeuzwa mchawi.

Mimi ni fundi pikipiki, banda langu liko Kharumwa. Kaka alikuwa akibeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kuyapeleka karasha yanakosagwa. Pikipiki hizi zimeundwa zibebe watu wawili. Machimboni zinabeba viroba vitatu vya mawe: viwili nyuma, kimoja juu ya tenki, dereva amekikumbatia kama mtoto mgonjwa. Hicho cha kwenye tenki ndicho kinachoua shokapu za mbele, zile nguzo mbili zenye springi zinazoshika tairi. Zinalala, oili inavuja, mwisho madigadi inasaga tairi. Ya kaka niliibadilishia sili, ile mipira inayozuia oili, mara nyingi mpaka nikachoka kumwona.

"Mdogo wangu, nifungie za guta," akaniambia siku moja.

Guta ni ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, inayobeba saruji na magunia ya mpunga. Shokapu zake ni nene, ndefu zaidi kwa vidole vitatu, na springi zake ni ngumu kweli kweli. Nilizipata kwenye guta lililokufa injini. Hazikuingia, bila shaka. Ilibidi nibadilishe vile vyuma viwili vinavyoshika shokapu chini ya usukani, nikampelekea mtu wa kukereza vyuma anipanulie matundu, nikatengeneza bushi ili ekseli ya tairi ikae sawa. Ilinichukua siku mbili. Nilijivuna nayo ile kazi, sitasema uongo.

Kwetu kazi ya fundi hukaguliwa kwa mzigo. Hakuna anayeichukua pikipiki gereji na kuizungusha tupu. Ataambiwa akanunue baiskeli. Mwenye chombo anakuja na viroba vyake, vinajazwa mawe, fundi mwenyewe anapanda, anashuka nayo korongoni na kutokea ng'ambo, watu wanatazama. Nilipanda na viroba vitatu. Mbele haikunepa hata kidogo. Waliokuwepo walinisifu, na wiki hiyo hiyo madereva wawili wakaniletea pikipiki zao niwafungie vivyo hivyo.

Baada ya siku chache kaka alipita bandani kunywa maji. Akasema ikiwa na mzigo ni raha tupu, ila ikiwa haina kitu usukani unakuwa mwepesi, mbele inadundadunda kwenye matuta ya changarawe na kumvuta pembeni.

"Basi usitembee tupu," nikamjibu. Tukacheka wote wawili.

Springi ngumu isiyo na uzito juu yake haishuki. Tairi linaruka juu ya kila kituta, na tairi lililo hewani halisikii usukani. Hilo nililijua tangu nilipokuwa najifunza kazi. Nililijua na sikulifikiria, kwa sababu kwetu pikipiki tupu haihesabiki kuwa iko kazini, iko njiani tu kufuata mzigo.

Alianguka alasiri akirudi kutoka karasha, bila kiroba hata kimoja, kwenye kona kabla ya kalavati. Aliyekuwa nyuma yake alisema kaka hakuwa anakimbia. Usukani ulitikisika mara mbili tatu, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kalavati. Nilipofika walikuwa wameshamfunika kanga. Niliiinua pikipiki, nikaegemea usukani kwa uzito wangu wote. Mbele haikushuka. Nilijua pale pale, kabla hata sijalia.

Maneno yalianzia msibani. Siku mbili kabla ya ajali shangazi alimwomba kaka amfikishe sokoni, kaka akasema anawahi mzigo. Shangazi akamjibu, "Haya baba, nenda. Sisi miguu tunayo." Mtu mzima yeyote angejibu hivyo. Lakini kuna aliyesikia, na baada ya mazishi maneno hayo yalianza kutembea, kila yanapopita yanaongezewa kitu, mpaka ikawa alimwambia kwamba miguu yake haitamfikisha. Yakafuata macho yake mekundu, ambayo kwetu huhesabiwa alama ya uchawi, kana kwamba kuna bibi wa kwetu aliyepikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote akabaki na macho meupe. Siku ya tisa bati lake likatupiwa mawe. Sote tulijua yanayofuata baada ya mawe, na si mazungumzo.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nawatafuta wale madereva wawili. Niliwaambia kwamba sili za zile shokapu hazifai, nikazifungua, nikawarudishia za zamani bila kuwaeleza ukweli. Niliogopa kuitwa fundi aliyemuua ndugu yake. Nina watoto, banda ndilo linalowalisha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na inanitia aibu mpaka leo.

Siku ya kumi na moja baba mkubwa aliita kikao cha ukoo. Yeye na shangazi ni tumbo moja. Shangazi hakuitwa. Nilikwenda na zile shokapu nilizozifungua kwenye pikipiki ya kaka, ndani ya kiroba, nikazilaza chini katikati ya watu, nikaeleza yote: springi, kona, yale maneno ya kaka bandani na jinsi nilivyomcheka. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Baba mkubwa aliinua shokapu moja, akaisimamisha, akaibonyeza kwa kiganja, ikakataa.

"Hatukatai kwamba ni shokapu," akasema. "Umesema kweli, tumekuelewa. Swali letu ni moja. Wewe ni fundi wa miaka mingi. Mwenzako anakwambia chombo kinamvuta, unacheka. Nani alikufumba macho?"

Nikasema hakuna aliyenifumba, ni uzembe wangu mwenyewe. Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu akifumbwa atajuaje kama amefumbwa? Wakaitikia. Nilitamani kumrukia. Mwingine akasema nina moyo mzuri kujitwisha kosa ili nimwokoe bibi, ila wangeniamini zaidi kama ningelisema siku ya msiba.

Kesho yake nilimpeleka shangazi stendi, aende Kahama kwa binti yake. Hakuna aliyemfukuza, baba mkubwa alisema tu kwamba hawezi kumlinda. Alibeba blanketi, ndoo ya vyombo na kuku wawili waliofungwa miguu. Karanga zake zilibaki shambani.

"Ulijua lini?" akaniuliza tukiwa tunasubiri gari.

"Siku ile ile, shangazi. Kabla hatujamzika."

Aliivuta ndoo yake karibu na miguu. Kisha akasema kwamba siku ile lingekuwa kosa la fundi, watu wangenitukana mwezi mmoja wakachoka. Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angenitukana.

Gari lilipofika nilimpandishia ndoo yake, nikashuka, nikasimama chini ya dirisha. Asubuhi tulikuwa tumeshaamkiana, lakini sikuwa na neno jingine la kumwomba radhi.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Tangu nijue kusema, hajawahi kuninyima marahaba. Alinisikia, kwa sababu alinitazama. Kisha akainama kuwasogeza kuku wake, na alikuwa bado ameinama gari lilipoondoka.