Nilichokula Mgodini Pugu

Nichekeni tu, mie mwenyewe nimejicheka tangu Jumamosi. Mimi na mume wangu tulikubaliana mimba yangu isitajwe mpaka itulie, hasa kwa mama yake, maana hajui kuficha jambo. Kwaya yetu ya Kiwalani ikapanga kutembelea mgodi wa zamani kule Pugu, na mama mkwe naye ni mwanakwaya.

Nilijiona mjanja. Hata kichefuchefu nililisingizia gari. Kumbe mgodi wenyewe ulikuwa wa udongo mweupe, na kuta zilinukia kama ardhi ya mvua ya kwanza! Mate yakanijaa.

"Zimeni tochi," mwongozaji akasema, "mlione giza walimofanyia kazi wachimbaji."

Wenzangu wakalitazama giza. Mie nikamega ukuta. Kitamu jamani! Nikamega tena.

Tulipotoka nje, kwaya nzima ikawa inanitazama mdomo.

"Vumbi tu hili," nikawahi kusema.

Mama mkwe akanifuta midomo taratibu kwa ncha ya khanga yake, akanichungulia kinywani, akatabasamu.

"Na hili vumbi la kwenye meno, mwanangu, lina miezi mingapi?"