Mpira wa Njano Uliopotea Mezani

Jumapili, Novemba 1963. Mvua asubuhi, kisha mawingu mazito juu ya ziwa.

Leo tulimaliza mashindano yetu ya biyari na watu wa Nyanza-Lac. Wao walicheza mipira ya njano, sisi wa Rumonge myekundu. Mimi nilikuwa mwamuzi, kwa sababu wanasema sipendelei mutu. Sijui kama ni kweli, ila nilifurahi.

Hamisi wa Nyanza-Lac akabakiza mpira mmoja. "Mzee, mpira wangu iko na vumbi." Kanuni inamruhusu. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikaufuta sana katika giza lile la baa, nikaurudisha palepale.

Zamu ikawa ya shemeji yangu Saidi. Yeye hufikiri mpaka chai inapoa. Alipokosa, Hamisi akainama mezani, akaruka. "Njano yangu iko wapi?"

Kweli, ilibaki myekundu mitupu. Nikaona aibu ya Rumonge nzima.

"Shemeji, geuza mifuko!"

"Mimi? Mume wa dada yako?"

"Hata wewe."

Hakuwa na kitu. Nikasema haki ni haki, basi nipekueni na mimi.

Hamisi akavuta kitambaa changu. Kilikuwa kinachuruzika mawese, mafuta yetu mekundu ya michikichi. Asubuhi sokoni nilikizibia debe la mawese lililokuwa linavuja, nikasahau. Akachukua mpira mmoja mwekundu, akausugua kwa shati lake. Njano!

"Kweli hapendelei mutu," akasema Saidi. "Hata mpira wa mgeni ameuunga kwa mawese!"

Jioni tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kuchemsha. Saidi alikuwepo, akaomba mawese.