Dawa Iliyomfaa Asger

Saa mbili asubuhi, mvua ya pwani ya magharibi ya Denmark inapiga madirisha ya kliniki. Muuguzi Vibeke Thorup amemwinamia mgonjwa wake, amemvuta kope la chini kwa kidole gumba, anatazama weupe wa jicho.

"Na damu pia unaitaka?" anauliza Asger Lodberg. "Wewe muuguzi au kunguni?"

Vibeke hacheki. Zamani alikuwa akicheka.

Asger, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, ana kifafa tangu utotoni. Mwaka jana alianzishiwa dawa mpya, na kuanguka kukakoma kabisa. Akapata leseni ya udereva, akawa anaendesha gari mwenyewe shamba hadi shamba. "Nikawa mtu," anasema.

Kisha akaanza kuja kliniki na miwani ya jua, katikati ya majira ya baridi. Vibeke akamwambia aivue. Macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

"Alijua," anasema Vibeke. "Aliogopa tutamnyang'anya dawa."

Kushuku tu kwamba dawa ndiyo inayoliharibu ini hakukutosha. Daktari Ravnkilde aliuliza habari za pombe, akapima virusi vya homa ya ini, akauliza kila kidonge na kila chai ya majani aliyokunywa, na umanjano ulianza lini baada ya dawa. Hakikuonekana kisababishi kingine. Dawa ikasimamishwa, na taratibu ini likatengemaa. Shaka ikaisha.

Kuanguka nako kukarudi. Asger alidondoka kwenye sakafu ya zege zizini, akavunjika taya. Leseni ikachukuliwa.

"Nirudishie ile dawa, Vibeke. Hata nusu kidonge."

"Haiwezekani. Ukiirudia, ini linaweza lisipone tena."

"Kwani ini la nani?"

"Lako."

"Basi ungeniacha na miwani yangu."

Vibeke anamaliza kutoa damu, anabandika pamba mkononi mwa Asger. Asger anavaa koti, anatoka bila kuaga. Mkewe anamngoja kwenye gari.

"Wenzangu wananiambia nimemwokoa," anasema Vibeke. "Wakamwambie yeye."

Jumatatu Asger ataanza dawa nyingine, kwa kipimo kidogo. Vibeke ameomba awe zamuni siku hiyo, na kila siku ya vipimo itakayofuata.

"Natumaini itamkubali," anasema, akinawa mikono. "Lakini mbele yake silitamki neno hilo. Nililitamka kwa ile ya kwanza, akaniamini."