Mtu wa Kunijua Molo

Asubuhi hiyo niliamka kabla ya majirani, nikakunja blanketi, nikaliweka kwenye mkoba pamoja na sufuria ndogo, sweta na kamera, kisha nikauacha ufunguo mlangoni, upande wa nje. Mwezi ulikuwa umeisha na sikuwa na ugomvi na mtu yeyote. Nilikuwa nimekaa Section 58, mtaa wa Nakuru, muda mrefu kuliko nilivyozoea kukaa mahali. Wapangaji wenzangu waliniambia "sasa", mimi nikawajibu "poa", na mazungumzo yetu yalikuwa yamekomea hapo tangu nilipohamia. Sikuwa na mpango wa kwenda popote. Nilitaka tu kuondoka.

Nimekuwa hivi tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la saba. Nimepasua mbao Elburgon, nimekamua ng'ombe wa watu, nimechimba mchanga, na kila mahali nilikaa hadi nikajua kazi ile inafanywaje, kisha hamu ikaisha. Kitu ambacho hamu yake haijaisha ni treni. Sababu siijui. Watu wakiniuliza, huwaambia kwamba napenda mngurumo wake, lakini hata hilo nililitunga tu ili wasiendelee kuuliza. Kamera niliinunua kuukuu kwa fundi wa redio, ikiwa na ufa kwenye kioo cha nyuma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisimama kando ya reli kama mtu aliyeambiwa angoje mgeni.

Nilikuwa ninateremka kuelekea mjini niliposikia honi. Nilipofika mahali ambapo reli inaonekana, treni ya mizigo ilikuwa ikiiacha Nakuru, matangi ya mafuta yakifuatana, ikienda upande wa Njoro. Treni za njia hiyo si nyingi. Unaweza kukaa kutwa nzima ukitazama mbuzi wakila majani katikati ya mataruma. Nilipoitoa kamera, tangi la mwisho lilikuwa limeshapita.

Kwenye barabara nikasimamisha lori tupu lililokuwa likienda kuchukua viazi.

"Unaenda wapi, boss?" dereva akauliza.

"Inakoenda hiyo treni."

"Hiyo ni ya Kisumu. Mimi naishia Molo."

"Basi na mimi naishia Molo."

Akanitazama kidogo, akanifungulia mlango. Treni tuliiona tena Njoro ikipanda polepole, ikapotea, tukaiona karibu na Elburgon nyuma ya rundo la magogo. Kila ilipojitokeza nilikuwa nikiinua shingo.

"Hiyo treni imebeba bibi yako?" dereva akauliza.

"Sina bibi."

"Ndio maana," akasema, akabadilisha gia.

Molo kulikuwa na ile baridi inayoingia kupitia mikono ya sweta. Nikaipita stesheni, nikafuata reli hadi kwenye kona inayotokea kati ya mashamba. Kuna picha niliyokuwa nikiitafuta kwa miaka: treni nzima ndani ya picha moja, kichwa chake na mkia wake pamoja. Mahali pa tambarare haiwezekani. Inahitaji kona ndefu, na inahitaji treni inayopanda taratibu. Hapo vyote viwili vilikuwepo. Nikachagua mahali kwenye nyasi, mbali kidogo na reli, nikaufuta unyevu kwenye kamera, nikangoja.

Aliyekuja kwanza ni soja, mlinzi wa reli. Alikuwa amevaa koti zito la walinzi, rungu kwapani.

"Wewe, unado nini hapo?"

"Nangoja treni, boss. Nataka kuipiga picha."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kila mtu ametumwa na mtu," akasema. "Juzi kuna wenye walibeba vyuma za reli hapo chini. Hao pia walikuja kwanza na simu wakapiga mapicha. Leta hiyo kitu, twende."

Nilimwambia treni imekaribia, aniache dakika chache tu, kisha twende popote anapotaka. Alikataa. Sikumlaumu. Angekuwa amenikuta na gunia na spana, ningekuwa mtu wa aina anayoijua.

Kituo cha polisi kilikuwa kidogo, chumba kimoja na kaunta, si mbali na stesheni. Sajenti alikuwa mtu mzima, amekaa na jiko la makaa kati ya miguu yake. Soja akamweleza. Sajenti akaipokea kamera, akaniambia nimwonyeshe mahali pa kubonyeza, akaanza kutazama picha. Alibonyeza kwa muda mrefu.

"Huyu hana hata picha ya mtu," akamwambia soja. "Ni treni, treni, daraja, treni. Na hii ni nini?"

"Ni nyuma ya behewa la mwisho, afande."

"Na mtu anapiga picha ya nyuma ya nini?"

"Nilichelewa. Ndiyo iliyokuwa imebaki."

Soja akacheka hadi akakohoa. Sajenti hakucheka. Aliendelea kubonyeza.

"Harusi hakuna? Hata mazishi?"

"Hapana, afande."

"Unakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kitambulisho changu kilikuwa sawa, na ningesema Section 58, labda ningeachwa. Lakini nilijibu ukweli kama ulivyokuwa.

"Nilikuwa nakaa Nakuru, Section 58. Nimehama asubuhi."

"Umehamia wapi?"

"Bado sijajua."

"Kwa hivyo saa hii unakaa wapi?"

"Saa hii niko hapa."

"Hapa ni polisi," akasema sajenti. "Hapa hakuna mtu hukaa." Akaiweka kamera juu ya kaunta, upande wake. "Sikiza, kijana. Mimi sioni makosa kubwa hapa. Pigia mtu wako simu, mtu mmoja tu, aniambie anakujua. Nitakuachilia na kamera yako."

Niliitoa simu. Majina yaliyokuwemo yalikuwa ya kazi: Redio, Mbao, Maziwa, Mchanga. Ninaye dada, lakini alibadilisha laini alipoolewa, na ile mpya haikunifikia. Mwenye nyumba wa Section 58 sikuwahi kumwona, kodi tulikuwa tukimlipa wakala aliyekuja na pikipiki na hakuvua kofia. Nikampigia fundi wa redio. Alipokea mwanamke, akasema laini hiyo ni yake sasa. Nikampigia msimamizi wa mbao Elburgon, na sajenti akaniambia niweke sauti juu ili naye asikie.

"Nani?" msimamizi akauliza. Msumeno ulikuwa ukilia nyuma yake. Nikajitaja. "Ule mrefu?"

"Hapana. Nilikuwa nashika upande wa kupokea mbao."

"Hao walikuwa wengi, kijana. Wacha nikupigie."

Tukangoja, sajenti, soja na mimi, tukiitazama simu juu ya kaunta. Haikulia. Soja aligeuza uso akaanza kusoma tangazo ukutani, na nadhani alifanya hivyo kwa sababu ya kunionea huruma, jambo ambalo lilinichoma zaidi ya rungu lake.

Kisha honi ikalia. Kaunta ikaanza kutetemeka kidogo, kikombe cha sajenti kikagonga kwenye kisahani. Treni ilikuwa inaingia. Lazima kuna kitu uso wangu ulifanya, kwa sababu sajenti alinyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Toka ukaangalie. Kamera inabaki."

Nilisimama kizingitini mikono ikiwa mitupu. Injini ilipita karibu, imechafuka kwa mafuta na vumbi la njia nzima. Msaidizi wa dereva alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani akinywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Tulitazamana hadi akapita. Matangi yakafuata, moja baada ya jingine, na huko mbele nikaona kichwa kikianza kuingia kwenye ile kona wakati mkia ulikuwa bado mbele yangu. Kisha ikaisha, na soja akafunga mlango kwa sababu ya baridi.

"Sasa, sikufungi," sajenti akasema. "Lakini nitapatiaje kamera mtu hana mahali na hana mtu? Kesho vyuma zikipotea nitasema nilimpatia nani? Enda utafute pa kulala hapa Molo. Mwenye hiyo nyumba akuje hapa, kwa miguu yake, aseme wewe ni wake. Mimi natoka zamu saa kumi na mbili. Nikitoka bado hujakuja, kamera itapelekwa Nakuru mjini na huko mimi siko."

Mjini niliwajua watu waliowahi kufuata vitu vyao vilivyopelekwa huko. Waliacha kufuata.

Nikaanza kutafuta. Kwenye lojingi ya kwanza, juu ya baa, mhudumu alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika ufagio.

"Chumba tuko nayo," akasema. "Polisi hatuna."

Kwenye ya pili, mwanamume wa kaunta aliniambia hawezi kwenda popote bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Nairobi. Nilipotoka, nilisimama barabarani nikaona watu wakipita na mifuko yao ya jioni, kila mmoja akielekea mahali. Nilifikiri kuiacha. Kamera kuukuu, kioo kimepasuka. Ningeweza kupanda lori lolote lililojaa na kesho kuamka pengine, na mtu yeyote asingeniuliza kitu. Lakini picha zile ndizo miaka yangu yote. Bila hizo, hakuna kitu kinachoonyesha kwamba niliwahi kuwa mahali popote.

Nyuma ya stoo moja ya viazi kulikuwa na ubao ulioandikwa VYUMBA kwa chaki. Mbele yake mama mmoja mwenye viatu vya gambuti na koti la kiume alikuwa akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo huku.

"Habari, mathe. Natafuta chumba."

"Kiko."

"Na nataka pia unisindikize polisi."

Akainua macho. "Umeiba?"

"Hapana. Nilitaka kupiga picha treni."

"Treni ikakataa?"

"Soja ndiye alikataa." Nikamweleza yote, hata simu nilizopiga. Hakuacha kuchagua viazi.

"Hizo picha huwa unapeleka wapi?"

"Sipeleki popote. Naziangalia."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Akatupa kiazi kilichooza kando. "Unalala siku ngapi?"

"Moja."

"Basi tafuta mtu mwingine. Siwezi kusimama mbele ya polisi niseme najua mtu wa usiku moja. Kesho umepotea, anakuja kuulizwa nani? Si mimi?"

Alikuwa na haki. Nilisimama pale nikijua anachokitaka, na mwili wangu wote ukikikataa. Sijawahi kumwahidi mtu kwamba nitakaa. Hata pale nilipokaa muda mrefu, nilikaa siku moja moja.

"Mwezi," nikasema.

"Sikusikia."

"Nitakaa mwezi, mathe. Na kama kuna kazi, nafanya."

"Unajua kushona lumbesa?"

Lumbesa ni lile gunia la viazi linaloongezwa wavu juu, likajazwa tena hadi likavimba kama mtu aliyevaa kilemba. Nilisema najua. Nilikuwa nimebeba mengi, kushona nilikuwa nimeona tu. Akanipa sindano ndefu na kamba. "Magunia matatu yamebaki. Siwachi viazi nje nikaenda kutembea na wewe."

Nilishona nikitazama mwanga. Mshono wangu wa kwanza ulilegea, akaufungua, akanionyesha, nikarudia. Tulipomaliza gunia la tatu, ukungu ulikuwa umeshuka na maduka yalikuwa yamewasha taa. Akafunga stoo kwa kufuli, akaivuta mara mbili, kisha akaanza kutembea mbele yangu wala hakuharakisha, akiwasalimu watu wa pande zote mbili za barabara. Kila aliyemsalimu alinitazama mimi.

Sajenti alikuwa ameshavaa koti. Kamera ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, tayari kwa safari.

"Huyu ni wangu," mathe akasema kabla ya kuulizwa.

"Umemjua lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Sajenti, unataka nimjue tangu azaliwe? Amenishonea magunia. Analala kwangu mwezi mzima."

"Anaitwa nani?"

Mathe akanigeukia. Hakuwa ameniuliza jina, na mimi sikuwa nimelisema. Nilitazama sakafu.

"Jina yake ako nayo kwa kitambulisho, si umeiona," akasema. "Mimi kwangu ni mpangaji. Akikosa, nitamleta mimi mwenyewe, na usinitumie mtu."

Sajenti akamtazama, akanitazama mimi, akaitoa kamera ndani ya bahasha. "Ukitaka treni, kuja uniambie kwanza," akasema. "Soja atasimama na wewe. Usisimame peke yako huko kwa reli kama mtu ametupwa."

Tulirudi gizani. Chumba kilikuwa cha mbao, kitanda kimoja, dirisha dogo lililozibwa gunia. Mathe alileta makaa kwenye karai, akaniambia niache mlango wazi kidogo hadi yapoe, na kwamba choo ni cha nyuma, nisiogope mbwa. Kisha akaingia upande wake.

Nilikaa kitandani na kamera mapajani. Sikuiwasha. Ukuta kati yetu ulikuwa mbao tupu, na nilimsikia akimpigia mtu simu, labda binti yake, akiongea kwa sauti ya juu, ya mtu asiyeiamini simu.

"Ndiyo, nimepata mpangaji," akasema. "Sijui, sijamuuliza. Ametoka Nakuru. Hapana, si mwizi. Ni mtu wa treni." Akasikiliza. "Mwezi. Amesema mwezi."

Nililala chali nikiwa na viatu, nikasikiliza hadi akakata. Ukimtoa sajenti, duniani kote waliojua nilipo walikuwa hao wawili tu, mathe na huyo wa kwenye simu.