Mtoto wa Duma Aliyeuawa kwa Kabichi

Filamu za wanyama huzaliwa bubu. Mpiga picha hukaa mbali na simba. Lenzi yake huona kila unywele, lakini kipaza sauti huambulia upepo na injini ya gari. Zile sauti zinazotusisimua sebuleni hutengenezwa chumbani. Katika chumba kimoja kisicho na dirisha, kilichosheheni mchanga, viatu vikuukuu na miavuli mibovu, alizitengeneza mama mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Nyayo. Tembo akitembea, ni mto wa kulalia uliojazwa mchanga. Tai akiruka, ni mwavuli. Mfupa ukivunjika, karoti hiyo. Nyama ikiraruliwa, kabichi iliyoloweshwa maji.

Hakuona haya hata kidogo. Tembo alikanyaga kweli, alisema, yeye anamrudishia tu sauti yake. Ndiyo maana kabla ya kushika chochote alidai aone picha zote, hata zilizotupwa, ajue mnyama alifanya nini hasa.

Hivyo ndivyo alivyomjua fisi wa filamu moja ya duma. Katika picha za awali fisi alikuwa anaguguna ngozi kavu ya nyati, na mtoto wa duma, mzima bukheri wa afya, anarukia mkia wa mama yake. Katika filamu iliyokwisha kuunganishwa, mtoto anapotelea majanini, fisi anatafuna, mama duma anatazama mbali. Mhariri aliagiza sauti ya nyama mbichi.

Bi Nyayo akasugua soli ya kiatu, kavu kabisa.

Mhariri, mtu wa mizaha waliyezoeana naye sana, akamwambia fisi wake anakula buti la askari. "Nitilie kabichi, dada yangu. Bila msiba watu wanahama stesheni."

"Msiba gani? Mtoto yuko hai, nimemwona."

"Na nani atakuja kulalamika? Duma?"

"Fisi umemsingizia mauaji, halafu mimi ndio niwe shahidi wako?"

Akatia kabichi yake kikapuni, akasema wafute na jina lake kwenye filamu, akaenda zake.

Mhariri alifungua ghala la sauti, akachukua kabichi ya zamani ya Bi Nyayo, ile aliyomtengenezea simba aliyekula kweli, akambandikia fisi.

Bi Nyayo aliyajua hayo nyumbani, ameketi na mama yake mbele ya televisheni. Tafuno la kwanza tu, akaitambua mikono yake mwenyewe. Mama yake alikuwa analia, anamlaani fisi na ukoo wake wote.

"Mama, hakuna aliyeliwa. Hiyo ni kabichi yangu."

"Hebu nyamaza. Huoni mwenzio kafiwa?"

Kisha likapita jina lake, kubwa, jeupe. Mama, machozi hayajakauka, akapiga makofi na kumwita jirani aje aone kazi ya mwanawe.

Jirani alipoingia, televisheni ilikuwa imezimwa. Bi Nyayo amesimama mbele ya kioo chake kama anayezuia mlango, anamsimulia mtu ambaye hakuuliza kitu jinsi mtoto wa duma alivyokuwa akiurukia mkia wa mama yake.